Nilivyomaliza milango minne ya kibanda cha jasho cha Walakota

Ibada hii hailipiwi. Ndilo jambo la kwanza ninalomwambia Mswahili mwenzangu huku Marekani akiniuliza kuhusu kibanda cha jasho, utakaso ambao Walakota, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, wanauita inipi. Ukiona tangazo la kusafishwa roho kwa maelfu ya dola, pita mbali. Mwaka 2009, karibu na Sedona, Arizona, watu zaidi ya 50 walijazwa kwenye kibanda cha namna hiyo na mwuza semina za mafanikio. Watatu walifariki, naye akaishia jela. Hakuwa Mlakota.

Mimi nilialikwa. Ni muuguzi hapa Rapid City, South Dakota, na mwenzangu mmoja wa zamu kwao ni Pine Ridge, eneo la hifadhi la Walakota. Mjomba wake ndiye mmwaga maji, yaani anayeongoza ibada. Dada huyo alinielekeza mapema: nimpelekee mzee tumbaku kwa heshima, nivae gauni refu la pamba (dera langu la Kariakoo lilipita bila swali), nivue hereni na miwani kwa kuwa chuma hupata moto mle ndani kikachoma ngozi. Nikiwa mwezini nisiingie, maana kwao mwanamke siku hizo ana utakaso wake mwenyewe. Ya kiuguzi niliongeza mwenyewe: maji tangu asubuhi, chakula kidogo. Mwenye presha, ugonjwa wa moyo au mimba aongee kwanza na daktari wake, kisha amwambie mzee kabla moto haujawashwa.

Kibanda chenyewe ni kifupi. Fito za mti wa wilo zimepindwa na kufungwa, zikafunikwa mablanketi na maturubai hadi hakuna tundu la mwanga. Katikati pana shimo. Nje mtunza moto alishalundika kuni juu ya mawe ya volkano. Ya mtoni hayatumiki, unyevu uliomo unaweza kuyapasua.

Tuliingia kwa kutambaa, kila mmoja akitamka "Mitakuye Oyasin", ndugu zangu wote, tukazunguka kufuata mwendo wa jua. Mawe yakaletwa mekundu kwa uma wa shambani, yakapangwa shimoni kwa pembe za kulungu. Kila jiwe lilisalimiwa kama babu anayeingia nyumbani. Mama mmoja akalinyunyizia majani makavu ya mwerezi. Cheche zikaruka, harufu ikatanda. Mlango ukafungwa.

Nimekulia Tanga, nyungu naijua: sufuria, mchaichai, mwarobaini, blanketi kichwani. Lakini nyungu ukizidiwa unafunua. Hapa kata ya kwanza ya maji ilimwagwa, mawe yakachacharika, mvuke ukapanda juu kisha ukatushukia. Ulinianza masikioni, ukaja mabegani. Nikaanza kuhema, na kuhema ndiko kunakomaliza mtu, kila pumzi inaunguza pua. Mama niliyekaa naye akanishika mkono gizani: "Shuka chini, mwanangu." Nikainama hadi paji la uso likagusa ardhi. Hewa ya pale chini ni nyingine kabisa, ina ubaridi wa udongo. Nikaziba mdomo kwa upindo wa dera, nikawa navuta pumzi polepole kupitia kitambaa. Tangu hapo nikaweza.

Mizunguko ni minne, wenyewe wanaita milango, kwa sababu kila mmoja ukiisha mlango unafunguliwa na mawe mengine yanaletwa. Katikati ya mzunguko wa tatu kijana mmoja alizidiwa. Akasema "Mitakuye Oyasin", mlango ukafunguliwa palepale, akatoka. Hakuna aliyecheka wala kumwita dhaifu. Kuvumilia kwa mashindano ni ujinga wa wageni, na mimi nimehudumia wagonjwa wa joto, najua unavyoishia.

Najua wapo watakaosema nimeingia kwenye shirki. Mimi nilichosikia ni watu wakimwomba Wakan Tanka, yaani Roho Mkuu kwa lugha yao, na zamu yangu ilipofika nilimwomba Mola wangu kwa Kiswahili, nikamtaja mama na sukari yake. Mzee alikuwa ameshaniambia niombe kwa njia yangu. Maombi ya wenzangu siyasimulii, yana wenyewe.

Kwenye mapumziko mzee aligusia mambo ya wazee wake, waliofanya haya kwa kujificha. Kanuni za serikali za mwaka 1883 zilipiga marufuku ibada zao, na sheria ya kulinda dini za wenyeji ilikuja 1978 tu. Baada ya kusikia hayo, sikuwa na hamu tena ya kuuliza kama naweza kupiga picha.

Tulipotoka tulikula supu ya nyama, mkate wa kukaanga na wojapi, rojo tamu la matunda madogo ya porini. Nilikunywa maji kama niliyetoka kufunga. Asubuhi yake miguu ilikuwa mizito na kichwa chepesi, kwa hiyo kama una zamu, badilishana na mtu mapema.