Kumfuatilia mzee mwenye vali ya ng'ombe, tukiwa Bukavu

Vali ya moyo ya mzee wetu, yaani kilango kinachoruhusu damu ipite upande mmoja tu, imetengenezwa kwa utando wa moyo wa ng'ombe. Aliwekewa India akiwa amevuka miaka 70. Ya chuma hudumu zaidi, ila inadai wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yote na kupima INR, yaani damu inachukua muda gani kuganda, kila mara, na kwa hapa Bukavu hiyo ni kazi. Ya ng'ombe huenda miaka 10 hadi 15, pengine zaidi, na kwa wazee huchakaa polepole kuliko kwa vijana. Wengi hulegea kwenye kuichunga kwa sababu mgonjwa anajisikia mzima.

Aliporudi nilidai karatasi mbili. Ya kwanza ni kadi ya vali: aina, namba, saizi kwa milimita. Vali ikichoka, nyingine inaweza kupitishwa kwenye mshipa wa paja ikafungukie ndani ya ile ya zamani, na bila saizi daktari atabahatisha. Ya pili ni ekografia, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ya kwanza baada ya upasuaji. Humo natazama wastani wa gradienti, yaani tofauti ya presha kabla na baada ya vali. Yake ilikuwa 11 mmHg. Kila mwaka tunapima tena na karatasi ile mkononi. Ikipanda kwa 10 au zaidi na kufika 20, huku tundu la vali limepungua, vali inaharibika. Ikipanda mapema, ndani ya miezi, tunauliza kwanza kuhusu bonge la damu, maana hilo linaweza kuisha kwa wafarini, lakini chokaa inayojijenga kwenye vali iliyochakaa haiyeyuki. Akiwa na homa au upungufu wa damu hatupimi: damu inakimbia, namba inapanda bure.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni homa yenyewe, maana inaweza kuwa vijidudu vimeshika vali. Huku kila homa huitwa malaria. Apimwe malaria, sawa, lakini kabla ya antibiotiki yoyote damu ichukuliwe ya kuotesha vijidudu, seti tatu, kila moja kwa kuchomwa upya. Vidonge vichache vya amoksisilini kutoka famasi vinatosha kuvificha, na vali ikaliwa bila kujua na nini.

Amoksisilini hiyohiyo ina mahali pake: gramu 2, dakika 30 hadi 60 kabla ya kung'oa jino, kama hana aleji ya penisilini. Jino liking'olewa, vijidudu vya mdomoni huingia kwenye damu na vinaweza kushika vali. Mzee huona ni vituko, meno na moyo wapi na wapi, kwa hiyo kopi ya kadi inakaa kwenye pochi yake, daktari wa meno aisome mwenyewe.