Nilivyowapa wenzangu wa londri stori ya akina Kate Mullany

Niko Albany, New York, napiga kazi kwenye londri ya mashuka ya mahoteli, na shifti yetu wengi ni watu wa Goma na Bukavu kwa hiyo Kiswahili ndo kinatembea. Nilikuwa nataka wajue kwamba hapo Troy tu, ng'ambo ya mto, madobi wanawake, akina Kate Mullany, walishawahi kuwa na chama chao cha wafanyakazi. Shida muda, breki yenyewe fupi na mtu kachoka, nani atakaa asikilize mhadhara? Nikawa nawarushia voisi WhatsApp, fupi fupi, wanasikiliza kwenye basi.

Sikuanza na tarehe, nilianza na kola. Zamani kola ilikuwa inavuliwa kwenye shati inafuliwa peke yake, na Troy ndo ilikuwa mji wa kola, sasa wa kuzichemsha, kuzitia wanga na kuzipiga pasi ni wanawake, wengi wametoka Ireland, masaa 12 mpaka 14 kwa siku kwa dola 3 au 4 kwa wiki. Halafu zikaja mashine za wanga, za moto balaa, zinababua mikono. Hapo mama mmoja wa upande wa pasi akanijibu: "Sasa patroni aliwaongeza?" Yaani bosi aliwaongeza mshahara?

Nikajua nimewapata.

Aliwaongeza ndio. Februari 1864 Kate Mullany na Esther Keegan waliunda chama, wanawake kama 300 wakagoma londri 14, wiki haikuisha wakapata nyongeza ya asilimia 25. Ila kilichowaacha watu mdomo wazi ni kwamba 1866 madobi hao hao waliwachangia mafundi chuma dola 1,000, yaani wao ndo wanachangia wanaume!

Mwisho wake mchungu lakini sikuuficha, maana ukimpa mtu ushindi tu unamdanganya. 1869 waligoma tena, mabosi wakasema nyongeza tunatoa ila mtoke kwenye chama, na kola za karatasi nazo zilikuwa zimeshaingia sokoni. Akina Kate wakajaribu hadi kufungua ushirika wao wa kola, wapi, 1870 chama kikafa.

Voisi hiyo ndo ilileta kelele. Nusu ya shifti wanasema wangechukua hela wakatoka, yule mama wa pasi anawauliza, na mwaka unaofuata hela akiipunguza mtamlilia nani?