Mwezi wa Saudia na daftari la Mzee

Mzee alikuwa na daftari moja la jalada gumu, kila ukurasa ameugawa katikati kwa kalamu nyekundu. Kushoto jina la mteja na vipimo, kulia siku ya kuchukua. Hakuna fundi aliyeruhusiwa kulishika. Hata akienda msikitini alitoka nalo, limebanwa kwapani.

Mwaka ni 2011. Nilikuwa na miaka 22, nashona kanzu kwenye chumba cha ghorofani karibu na Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Tulikuwa mafundi sita. Ramadhani iliangukia Agosti, na Agosti ile aliyekuwa Dar es Salaam anaikumbuka: maji ya bwawa la umeme la Mtera yamepungua, umeme wa mgawo, unarudi usiku wa manane na kukatika watu hawajamaliza daku. Genereta zikawa zinanguruma kila mlango. Mfungo haujatimiza siku kumi, EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, ikashusha bei ya mafuta, wenye vituo wakagoma kuuza, na genereta nazo zikanyamaza.

Cherehani zetu nne za mota zikageuka meza za kuwekea vitambaa. Tukabaki na Butterfly mbili za kukanyaga. Mzee akaondoka asubuhi bila kuaga, akarudi alasiri na nyingine tatu juu ya mkokoteni, amezikodi sijui wapi. Wakati mtaa mzima unalaumu serikali, yeye alisema neno moja tu: "Miguu mnayo."

Na bado alipokea kazi. Kila aliyepanda ngazi zile na kitambaa mkononi alijibiwa "inshallah", akapimwa, akaandikwa. Sisi tulishona mchana kutwa tumefunga, joto la bati juu ya vichwa, taulo shingoni ili jasho lisidondoke kwenye kitambaa cheupe. Uzi tuliukata mshazari ndipo tuutunge, maana kulamba uzi na funga wengine hawakutaka. Jioni, karibu na futari, Mzee alipita nyuma ya kila mmoja, akageuza pindo kwa ukucha. Akiona mshono umetembea, anauchana pale pale, anakurudishia. Hafoki. Angefoka ingekuwa nafuu. Ule mlio wa uzi unaochanika niliusikia hadi usingizini.

Alhamisi moja aliitwa chini kupokea robota, akaliacha daftari juu ya meza ya kupigia pasi. Mimi ndiye nilikuwa na pasi ya mkaa. Nikalifungua.

Kanzu aliyonikimbizia tangu juzi, "Ijumaa, mteja anaondoka na basi!", ilikuwa imeandikwa Jumapili. Ya pili hivyo hivyo. Nikafunua mbele: zile sitini za mwisho, ambazo sisi tuliambiwa lazima ziishe Jumapili tarehe 28, wateja walikuwa wameambiwa Jumanne jioni. Kumbe kila siku tuliyopewa ilikuwa na siku mbili zimefichwa nyuma yake.

Nilijiona mjanja kuliko watu wote wa Kariakoo. Nikawaambia wenzangu. Fundi mkubwa wetu, tuliyemwita Mjomba, alinikata: "Funga hilo daftari na mdomo wako." Lakini wengine walishasikia, na miguu ya mtu ikishajua kuna nafasi haikanyagi tena kama jana. Jumapili baada ya adhuhuri tulilala juu ya marobota. Mzee alipopanda nikamwambia bobini zinasumbua. Hazikuwa zinasumbua.

Jumatatu jioni zilibaki kanzu ishirini na tatu. Hatukuwa na wasiwasi, tuna kutwa nzima ya kesho. Tumekaa na tende na uji, simu ya mmoja wetu ikalia: Saudia mwezi umeandama. Wanaofuata mwezi wa Saudia wanaswali Idi kesho asubuhi.

Katika hesabu zote za Mzee, hii haikuwamo. Au niseme ilikuwamo, ndizo zile siku mbili, na sisi tulikuwa tumezilalia.

Haikupita nusu saa ngazi zikaanza kulia viatu. Wengine wakawa bado wanangoja tangazo la hapa, hao ahueni, lakini wateja kumi na wanne walitaka kanzu usiku ule ule. Mzee akaangalia lundo, akaangalia daftari, akaangalia lundo tena. Nikainamia cherehani yangu. Nilikuwa nasubiri swali, na jibu sikuwa nalo.

Hakuuliza. Alivua kofia, akakunja mikono ya shati, akakaa kwenye Butterfly ya pembeni. Miaka miwili niliyofanya kazi pale sikuwahi kumwona anashona. Kisha akaninyooshea sindano na uzi, bila kunitazama.

"Nitungie."

Macho yake hayakuwa yanaona tundu. Ila ukishamtungia, mstari wake ulinyooka kama rula, na hakutazama kitambaa, alikisikiliza kwa vidole. Kila uzi ulipokatika mkono ulikuja tena upande wangu. Tulikwenda hivyo kwa mwanga wa kandili mpaka adhana ya alfajiri. Kanzu mbili za mwisho zilitoka na pindo la kupigwa bandi kwa mkono, na Mjomba akamwambia mwenye moja, kwa uso mkavu kabisa, asipige hatua ndefu mpaka imamu amalize hotuba.

Baada ya sikukuu tulirudi kazini. Mzee alinilipa sawasawa na wenzangu, hakupunguza hata mia. Halafu akaliweka daftari mapajani mwangu.

"Andika wewe. Mimi mistari siioni tena."

Kama alijua, hakusema, nami sikumwuliza. Mchana ule akapanda kijana na kitambaa cha suruali, anataka kujua lini. Nikaandika vipimo vyake kushoto, Alhamisi kulia, nikamwambia Alhamisi. Alipofika chini ya ngazi nikamgeukia Mjomba.

"Hii ya Jumanne," nikasema. "Mteja anasafiri."

Mjomba akanitazama muda mrefu, akachukua mkasi.