Kumtafuta askari wa Sayo katika makaratasi ya Brussels

Bukavu, mashariki mwa Kongo, kila mtu anaijua kambi ya jeshi ya Saio. Dereva wa teksi humwambii zaidi, ukisema Saio amekufikisha. Lakini waulize watu jina hilo limetoka wapi, wengi watakuambia ni la mzungu fulani wa zamani. Ni jina la Sayo, mji wa magharibi mwa Ethiopia, siku hizi unaitwa Dembi Dolo. Huko, tarehe 3 Julai 1941, Jenerali Pietro Gazzera wa Italia alisalimu amri pamoja na majenerali wenzake, wote tisa, mbele ya Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji. Babu mzaa baba alikuwepo. Nyumbani aliposema "siye tulifika Sayo", watoto wake walifikiri anazungumzia ile kambi ya Bukavu, na kwamba ukubwani alikuwa mlinzi tu wa getini.

Mimi naishi Brussels, nafanya kazi ya kutunza wazee, zamu nyingi za usiku. Muda wa kukaa kwenye nyaraka naupata mchana, macho yakiwa mekundu. Wazo lilinijia Juni 2022, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alipokwenda Kinshasa akamvisha nishani Koplo Albert Kunyuku, mkongwe wa Force Publique aliyefika mpaka Burma. Nikajiambia, yule amepata bahati ya kuishi miaka mingi ndiyo maana anajulikana. Wetu walikufa na makaratasi yao hakuna aliyeyafungua.

Nilimpigia shangazi, binti wa pekee wa babu aliyebaki. Akacheka kwanza.

"Baba yangu alikuaka anasema bazungu ya Italia banainua mikono. Na kama tunakataa sombe, anasema: nyie, siye tulikulaka majani! Tulizani ni mambo ya pombe." (Sombe ni kisamvu.)

Baadaye akanitumia picha kwa WhatsApp: kopo la Blue Band, ndani yake nishani iliyoingia kutu, na nusu ya kijitabu cha kijeshi. Nishani ni ile Wabelgiji waliyoitoa baada ya vita kwa ajili ya vita vya Afrika vya 1940-1945. Kwenye utepe wake kuna kipande kidogo cha chuma kilichoandikwa ABYSSINIE, yaani Ethiopia. Nilimwomba apige tena, mbele na nyuma, juani, na kijitabu akifungue ukurasa kwa ukurasa. Panya walikuwa wamekula jina la baba yake babu na nusu ya kijiji. Namba ya matrikuli, ile aliyosajiliwa nayo jeshini, ilikuwa imepona.

Hiyo namba ndiyo mali. Sisi tunaanza na jina, na jina ndilo linalopotea haraka. Karani wa kikoloni aliandika alichosikia, mmoja Mbelgiji wa Wallonie anayesema Kifaransa, mwingine Mflamand anayesema Kiholanzi. Jina letu la Kishi linaloanza na Ci, mmoja ameandika Tshi, mwingine Ki, wa tatu ameliruka na kuweka jina la ubatizo peke yake. Fikiria ni Yozefu wangapi walioingia jeshini kutoka Kivu. Halafu askari hakuandikwa ukoo wake kama tunavyouelewa sisi. Aliandikwa wilaya na usultani aliotoka, kwa sababu watu walitolewa huko kwa hesabu: mtawala anadai vijana kadhaa, mwami, yaani sultani wa hapo, anaagizwa awatafute. Mkataba ulikuwa miaka saba. Babu hakuwahi kusema kama alijitolea au alikamatwa, na hakuna karatasi niliyoiona inayouliza swali hilo.

Nyaraka za koloni, zile zinazoitwa Archives africaines, zilikaa miaka mingi wizarani kwa Mambo ya Nje. Siku hizi zinahamishiwa Nyaraka za Taifa, na mafungu ya Force Publique yamo humo. Kuna pia makumbusho ya jeshi pale Cinquantenaire, na Makumbusho ya Afrika ya Tervuren ambako picha na barua za binafsi za maofisa zimehifadhiwa. Unakaa mezani na kalamu ya risasi, unaletewa boksi, unafungua.

Kinachokupiga mara moja ni hiki: ofisa ana jina, askari ana idadi. Ripoti ya mapigano itakuambia luteni fulani alijeruhiwa paja la kushoto saa ngapi, akiwa nyuma ya jiwe gani. Chini yake mstari mmoja: wenyeji, waliokufa wangapi, waliojeruhiwa wangapi. Tervuren kuna ukuta wenye majina 1,508 ya Wabelgiji waliofia Kongo zamani za Mfalme Leopold wa Pili. Msanii wetu Freddy Tsimba ameweka kazi yake hapo, jua likipiga vioo vya dirisha, majina ya Wakongo saba waliofia Tervuren mwaka 1897 yanaangukia juu ya yale ya ukutani. Nimesimama pale nikiwa na hasira kidogo, lazima niseme. Saba, na hata hao wamekuja kama kivuli.

Kwa hiyo nikaacha kutafuta jina, nikafuata kikosi. Ukishajua batalioni, unajua mtu wako alilala wapi, alikula nini, alivuka mto gani. Mafaili yana amri za safari, orodha za vyakula, telegramu za kulalamika. Ubelgiji yenyewe ilikuwa imeshasalimu amri kwa Hitler tarehe 28 Mei 1940, na Gavana Mkuu Pierre Ryckmans akaiweka Kongo upande wa Waingereza. Askari walipelekwa Sudan kupitia Juba, kisha kwa maboti ya Nile, kisha malori, kisha miguu. Machi 1941 wakachukua Asosa, mwezi huohuo Gambela, kwenye mto Baro. Baada ya hapo ni kupanda kwenda Sayo, na hapo ndipo waliponasa. Waitalia wako juu, wengi kuliko wao, wana mizinga. Wakongo wako chini, kwenye kijito kinachoitwa Bortai, mvua zimeanza, barabara imekuwa tope na posho haifiki. Miezi ya Aprili, Mei, Juni.

Nilipofika kwenye hayo mafaili ndipo maneno ya shangazi yalipoanza kunirudia. Posho inapunguzwa, inapunguzwa tena. Dakitari anaandika kuhara damu, anaandika beriberi, ugonjwa wa lishe duni. Anaomba mchele usiokobolewa, anaomba maharage, wiki inayofuata anaomba vilevile. Majani babu aliyokuwa akiyataja mezani hayakutoka kwenye chupa ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi.

Na jina lake nikalikuta hapo hapo, kwenye karatasi ya wagonjwa, mahali nisipotegemea kabisa. Karatasi nyembamba ya taipu, nakala ya kaboni, herufi zimefifia zambarau. Matrikuli ileile. Jina limeandikwa kwa njia ya nne ambayo hata sikuwahi kuifikiria. Ugonjwa: beriberi. Hatua: kurudishwa nyuma. Pembeni mtu ameweka alama ya wino, kama anayehesabu magunia. Nilimwita mhudumu wa chumba nikamwuliza kama naruhusiwa kupiga picha kwa simu. Akasema ndiyo, bila mwanga. Mikono ilitetemeka ikabidi nipige tena na tena.

Tarehe ya karatasi ile ni mwishoni mwa Juni. Yaani babu aliondolewa mstari wa mbele siku chache kabla Gazzera hajatuma wajumbe wake. Alifika Sayo, ndiyo, mpaka chini ya mlima. Kama aliwaona Waitalia wanainua mikono kwa macho yake, au alisimuliwa na wenzake hospitalini, karatasi haisemi, na mimi sitamnyang'anya.

Shida imekuwa Misri. Katika ukoo wetu kuna mjomba mmoja, mtu wa heshima sana, ambaye miaka yote amesimulia kwenye matanga kwamba muzee alipiga picha kwenye piramidi. Ni kweli Force Publique ilifika huko. Brigedi ilipelekwa Nigeria, halafu 1943 ikaenda Misri na Palestina, wengine kwa meli, wengine kwa malori kuvuka Chad na Sudan. Ila waliofika huko nishani yao ina kipande cha MOYEN-ORIENT, yaani Mashariki ya Kati. Ya babu haina. Nilimweleza mjomba taratibu, kwa adabu zote. Akanyamaza kidogo kwenye simu, kisha: "Mwanangu, inawezekana kilianguka ndani ya kopo." Nikamjibu inawezekana, mjomba. Shangazi amepekua kopo lote, hamna.

Kinachobaki ni kijiji na baba yake babu, na hivyo haviko Brussels. Viko kwenye madaftari ya ubatizo ya parokia, kwa mapadri, upande wa Nyangezi. Daftari la mapadri lina alichokosa karani wa jeshi: jina la baba, jina la mama, kilima walichokaa, msimamizi wa ubatizo. Binamu yangu alikuwa ameshakubaliana na karani wa parokia kwenda kuangalia. Kisha Februari 2025 waasi wa M23 wakaingia Bukavu, na habari za babu zikakaa kando, tukawa tunaulizana nani yuko wapi, nani amevuka kwenda Cyangugu, Rwanda, benki imefungua au haijafungua. Shangazi aliniambia siku ile, "Weye tafuta vita ya zamani, siye tuko na ya leo." Sikumwuliza lolote la babu kwa muda mrefu baada ya hapo. Yeye mwenyewe ndiye aliyerudi nayo, akitaka nimtumie picha ya ile karatasi ya zambarau ikiwa imechapishwa, kubwa, ya kuweka kwenye fremu.

Tangu niwaonyeshe wenzangu hiyo picha hapa Matonge, mtaa wa Wakongo wa Brussels, napata simu. Kila 11 Novemba baadhi yetu hukutana Square Riga, Schaerbeek, penye mnara wa askari wa kampeni za Afrika, na mwaka huu naona tutakuwa na mengi ya kuongea. Mmoja babu yake alikuwa na kikosi cha tiba kilichopelekwa Burma. Mwingine wake alikuwa Luluabourg mwaka 1944 askari walipoasi, na huyo nimemwambia aanzie kwenye mafaili ya adhabu. Wote nawaomba kitu kilekile: mpigieni aliye mzee kuliko wote nyumbani, kwanza mwacheni aongee. Halafu nitumieni nishani mbele na nyuma, kijitabu kila ukurasa hata kama kimeliwa na panya, namba ya matrikuli, na usultani aliotoka. Jina andikeni mwisho, kwa kila njia mnayodhani mzungu angeweza kulisikia.