Ganda la Chenza

Mwezi wa Machi jiji la Guangzhou, kusini mwa China, hujaa unyevu wa ajabu. Kuta hutoka jasho, sakafu huteleza, na nguo ulizoanika Jumatatu utazianua Alhamisi zikiwa bado mbichi. Kwetu sisi wanafunzi ilikuwa kero tu. Kwa mwalimu wangu wa Kichina ulikuwa msiba wa mashuka: mama yake alikuwa amepata kiharusi, hakuweza tena kuzuia mkojo, na shuka la akiba halikauki.

Mwaka huo, 2018, nilikuwa nasomea udaktari, na Laoshi, yaani "mwalimu", ndivyo tulivyomwita, alizoea kunikaribisha kwake chakula. Alikaa ghorofa ya saba katika jengo la zamani lisilo na lifti. Tangu augue, mama hakuwa ameshuka chini. Laoshi alizaliwa 1982, katika zama za sera ya mtoto mmoja iliyodumu hadi mwisho wa 2015. Hana kaka wala dada. Mumewe alikuwa kazini Shenzhen. Kwetu Tanga bibi akianguka, wajukuu hupangiwa zamu, na wengine hata hugombania nani alale chumbani kwake. Pale zamu zote zilikuwa za mtu mmoja.

Jumamosi moja aliniomba nimsindikize kwenye kituo cha wazee cha mtaa. Kulikuwa na mafunzo ya umakinifu, yaani mazoezi ya kuzingatia pumzi, mwili na hisia za wakati uleule, kwa wanaouguza watu wao, na jirani alikubali kukaa na mama. Alitaka niende naye ili watu wadhani amemleta mgeni tu kutazama. Mimi nami nilikuwa na wasiwasi wangu, mtoto wa madrasa, nikihofia ni ibada. Mkufunzi akaeleza kwamba chimbuko lake ni Ubudha, lakini njia waliyoifuata aliianzisha Jon Kabat-Zinn huko Massachusetts, Marekani, mwaka 1979, kwa ajili ya wagonjwa wenye maumivu sugu. Sikuona sanamu, sikusikia harufu ya udi. Nikakaa.

Zoezi maarufu la kuanzia ni la zabibu kavu: uiangalie, uinuse, uile polepole mno. Mkufunzi yeye alileta maganda makavu ya machenza ya Xinhui, yale ambayo jiko la mkoa huo wa Guangdong halikosi, na ambayo kadiri yanavyozeeka ndivyo bei inavyopanda. Mzee mmoja aliyekuwa akimuuguza mkewe alikwisha kutafuna lake kabla hatujaambiwa tulinuse. Tulicheka sana.

Kisha tukafumba macho, tukafuata pumzi. Mama mmoja akasema, "Mimi nikifumba macho nasinzia." Akajibiwa, "Basi sinzia." Naye akasinzia kweli, akakoroma, hakuna aliyemwamsha.

Baadaye mkufunzi akauliza: mgonjwa anapokuita usiku, mwili wako unafanya nini? Kimya. Wachina wana xiao, wajibu wa mtoto kwa mzazi, na mtu aliyelelewa ndani yake hathubutu kulalamika mbele ya watu. Nilimwona Laoshi akikunja kile kipande cha ganda.

"Taya linakaza," akasema. "Kabla sijaamka nimeshakasirika. Nasikia sauti yake na ninaichukia."

Nilidhani watamkemea, au watambembeleza. Mkufunzi aliuliza tu kama taya limekaza hata sasa. Ndiyo. Yule mzee akadakia kwamba kwake ni shingo. Mwingine tumbo. Ikawa kama watu wanaolinganisha bei sokoni, kila mmoja na lake, na hapo ndipo nilipouona uganga wa kikao kile. Watu husifu mafunzo haya kwa utulivu, lakini pumzi haikaushi shuka. Walichopata wale ni mahali pa kuitaja hasira bila kuitwa mtoto asiye na adabu.

Njiani kurudi Laoshi alimpigia simu binamu yake wa Foshan. Hakuwahi kumwomba kitu, aliona aibu. Akamwambia waziwazi: nimechoka, njoo.

Binamu alikuja wiki iliyofuata na bata wa kuchoma na maoni mengi kuhusu supu. Baada ya kula alimbeba shangazi yake mgongoni, akashuka naye ghorofa zote saba, mimi nyuma na kiti cha magurudumu. Bibi alinung'unika njia nzima kwamba kijana ananuka sigara. Alipofika chini akaulizia bei ya kabichi, akaambiwa, akasema ni wizi.