Siku mzee alipoufuta muhuri

Jana kitindamimba wangu kaja na daftari la Kiswahili, "Baba, kung'atuka ndo kung'atwa na mbwa?" Nikamwambia ni kuachia uongozi kwa hiari ukiwa bado una nguvu zako, neno la Kizanaki, kwao Mwalimu Nyerere, yeye ndo alilisambaza nchi nzima alipoachia urais 1985 akampisha Mzee Mwinyi. Akaniuliza, "Kwa hiyo ni kujiuzulu?" Nikakwama.

Nilimkumbuka mzee wangu, baba yangu mzazi. Ilikuwa 1991, mkutano wa chama cha msingi cha ushirika, nina miaka kumi na moja, tumening'inia dirishani na wenzangu. Habari za pamba na madeni sizikumbuki. Nachokumbuka ni mikono yake. Alitoa muhuri kwenye mfuko wa koti, akatoa leso, akaanza kuufuta wino taratibu, herufi kwa herufi kama mtu anamfuta mtoto uso, leso nyeupe aliyoipiga pasi mama asubuhi ile inageuka zambarau na ukumbi mzima kimya hata kikohozi hakuna, akauweka mezani pamoja na funguo mbili. "Ndugu wanachama, mimi nang'atuka." Basi. Akaenda kukaa benchi la nyuma kabisa.

Jioni kisimani watu wanasema kajiuzulu. Iliniuma sana, maana anayestaafu muda wake umefika, anayeng'atuka kapisha wenzake, ila akijiuzulu mtu kila mmoja anauliza kafanya nini. Ingawa kusema kweli hata kujiuzulu kuna heshima yake, Mzee Mwinyi huyohuyo aliwahi kujiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani kwa makosa ya watu wa chini yake, na baadaye ndo akaja kuwa rais. Lakini kwa umri ule ningeyajulia wapi hayo, nililia tu njiani na ndoo yangu.

Tena wiki moja kabla ya mkutano kuna watu wawili walikuja usiku, wakaongea na mzee nje chini ya mwembe, sauti za chini chini, aliporudi ndani hakula. Sikuwahi kumuuliza walimwambia nini, na sasa hayupo.

Mtoto bado kashika kalamu ananisubiri. Nikamwambia andika, kuachia madaraka kwa hiari. Akaandika. Hilo "kwa hiari" nikamrudia tena, alihakikishe lipo.