Muhuri wa kilomita 40,000

Jumanne iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya leseni za biashara hapa Kisumu. Karani alikuwa anagonga muhuri: anafunua karatasi, anagonga, anafunua, anagonga. Simu ikatetemeka mkobani. Ni kitinda mimba wangu, yuko Nakuru, amenitumia picha ya tangazo la gari jipya. "Mama, hili lina waranti ya miaka 7. Lile jingine lina 3 tu. Hili la 7 ndilo imara zaidi, sivyo?"

Nilishika simu nikashindwa kumjibu. Mlio wa ule muhuri ulikuwa umeshanirudisha Nakuru, Septemba 2014.

Wakati huo chama chetu cha wanawake wauza samaki kilikuwa na pikapu nyeupe. Wengi hawajui kwamba mimi ndiye niliyewashawishi wenzangu kuinunua. Tulikaa kwa Mama Pendo, Nyalenda, wanawake 9, nikasimama kama mweka hazina na karatasi ya muuzaji mkononi. Nikaisoma kwa sauti: dhamana ya miaka 5 au kilomita 150,000, kitakachotangulia. Nikairudia ili waliokuwa jikoni wasikie. Mama Pendo alitaka Probox. "Probox ikilala Sondu," akasema, "kijana wa pale Sondu ataifufua, na spea atazitoa duka la jirani." Nami nikamjibu kwamba Probox inashuka Mombasa ikiwa imetumika Japani miaka 6 au 7, na haiji na dhamana hata ya siku moja. Kampuni isiyoiamini injini yake ingekubalije kujifunga miaka 5? Hoja hiyo iliwaingia. Tukapiga kura, 6 kwa 3, tukachukua mkopo wa sako.

Kwa miezi 10 gari lilitulisha. Mara tatu kwa wiki lilibeba ngege na mbuta kutoka Dunga hadi soko la Wakulima, Nakuru, likipanda Kericho na makasha ya barafu bila kunung'unika. Kisha usiku mmoja, tumeipita Kericho, hatujafika Londiani, injini ikaanza kugonga. Kwanza taratibu, halafu kwa nguvu, kama mtu aliyefungiwa chumbani anayetaka kufunguliwa. Dereva akazima. Kulipokucha barafu ilikuwa maji. Samaki wengine tuliwauza palepale barabarani kwa bei ya kuona aibu, wengine tukawamwaga, na gari likavutwa hadi Nakuru kwa kamba.

Sikuwa na hofu. Hilo ndilo ninalolikumbuka vizuri kuliko yote, kwamba niliingia kwenye ofisi ile nikiwa mtulivu. Ubaridi wa mashine ulinipiga usoni. Sakafu ilikuwa inang'aa, magari mapya yamepangwa na utepe mwekundu kwenye vioo, na mimi nimejifunga leso iliyolala na samaki usiku kucha. Msichana wa mapokezi alisogeza kiti chake nyuma kidogo. Nilimwelewa. Nikatoa kitabu cha sevisi kwenye mfuko wa nailoni nilimokihifadhi pamoja na risiti zote, nikakiweka juu ya kaunta kwa mikono miwili.

Akaja kijana wa sevisi, mpole, mwenye kalamu sikioni. Alinipa pole ya kweli. Akakifungua kitabu. Kila ukurasa una kisanduku chake cha muhuri. Kilomita 10,000: muhuri wa buluu, saini. Akageuza. Kilomita 20,000: muhuri, saini. Akageuza. Kilomita 30,000: muhuri umekaa upande, lakini upo. Akalowesha kidole, akageuza tena, na kidole chake kikasimama.

Kwenye kisanduku cha kilomita 40,000 hapakuwa na muhuri. Palikuwa na mwandiko wa kalamu nyeusi wa fundi wetu wa Kibuye, herufi kubwa za mtu aliyejitahidi: OILI MPYA, FILTA MPYA, na tarehe. Nilikuwepo alipoandika. Alinawa mikono kwanza kwa sabuni ya unga ili asichafue kitabu.

Nikaanza kueleza. Kwamba gereji yao, iliyo karibu nasi kuliko nyingine zao, iko huku Nakuru. Kwamba tulipiga simu kilomita zilipotimia, wakatupa nafasi ya wiki mbili mbele, na samaki hawangoji wiki mbili. Kwamba oili ilikuwa ileile iliyoandikwa kwenye kitabu, na risiti hii hapa. Aliisoma risiti hadi mwisho, hata jina la duka. Kisha akaiweka chini, akainyoosha kwa kiganja, akasema kwa sauti ya chini kama mtu anayezungumza msibani, "Mama, mimi nakuamini. Lakini fomu yao hainiulizi kama nakuamini. Inaniuliza kama kuna muhuri."

Nikakitazama kisanduku kile. Ni kidogo, kinatoshea kizibo cha soda. Nyuma yangu, kwenye dawati jingine, mtu alikuwa anagonga mihuri kwenye karatasi zake, na kila akigonga nilihisi kama ule wetu uko pale, mkononi mwake, angeweza tu kugeuka na kutugongea.

Mengine yalikwenda haraka. Barua mbili tuliandika, jibu likawa lilelile. Injini ya mtumba ikapatikana Kirinyaga Road, Nairobi, mkopo juu ya mkopo. Wanachama wawili wakajitoa, na siwalaumu. Mama Pendo hakunitamkia neno hata moja kuhusu Probox, hadi leo, na ukimya wake nimeubeba kama deni.

Lakini swali la binti yangu ndilo nililokuwa nalo mimi kwenye kikao kile, na nimekaa nalo miaka mingi. Nimesoma kila nilichopata. Mwaka 1998 Hyundai ilitangaza Marekani dhamana ya miaka 10 au maili 100,000 kwa injini na giaboksi. Magari yake hayakuwa na sifa nzuri huko wakati huo. Wanunuzi waliyaogopa, na dhamana ile ilitolewa ili kuwatoa hofu. Toyota huko huko ilibaki na miaka 5 au maili 60,000 kwa sehemu hizohizo, na sifa yake haikutikisika. Kwa hiyo urefu wa dhamana unaweza kumaanisha kampuni inajiamini, na unaweza pia kumaanisha inajua haijaaminiwa. Tena ile miaka 10 ilikuwa ya mwenye gari wa kwanza. Aliyenunua kwake hakuirithi yote.

Hata hivyo sitaki kumwambia binti yangu kwamba namba ile ni ya uongo. Kampuni ikiahidi kulipia kila injini itakayokufa kwa miaka 10, injini mbovu inakuwa hasara yake yenyewe, na magari ya Hyundai kweli yaliboreka katika miaka iliyofuata. Ahadi inaweza kumfundisha aliyeitoa. Halafu nikasoma kwamba mwaka 2015 kampuni hiyohiyo iliwaita wenye magari yake ya Sonata yapatayo 470,000 huko Marekani, ya modeli za 2011 na 2012, wayarudishe kukaguliwa, kwa sababu mabaki ya chuma ya kiwandani yangeweza kuziba njia za oili ndani ya injini. Beringi zinakosa oili, injini inagonga, kisha inazima.

Inagonga, kisha inazima. Pikapu yetu haikuwa ya kampuni hiyo. Lakini niliposoma hapo niliiweka simu kifuani. Kwa miaka yote nilikuwa nimechukulia kwamba kosa lilikuwa letu, la kutokwenda Nakuru wiki ile. Sikuwahi kufikiri kwamba injini inaweza kutoka kiwandani na ugonjwa wake, na mihuri yote ikagongwa juu yake bila kuuona. Ya kwetu ilifunguliwa na kutupwa kabla hatujajua cha kutafuta. Fundi wa Kibuye aliacha kutupokelea gari baada ya pale. Alidhani tunamshuku, na labda tulimshuku.

Kwenye foleni, namba yangu ikakaribia. Nikamwandikia binti yangu: "Usiitazame miaka kwanza. Gereji yao iliyo karibu nawe iko wapi? Na wanaruhusu fundi mwingine kumwaga oili? Nitumie kurasa za masharti."

Akajibu baada ya dakika chache, "Ni kurasa 22, Mama."

"Zitume zote."

Zikaanza kuingia moja moja, maandishi madogo kama mbegu za wimbi. Nikavaa miwani, nikatafuta neno muhuri. Karani akaita namba yangu, nikamwomba ampishe aliye nyuma yangu.